Mguu Wangu wa Kulia na Kruzi ya Katoro

Nilistaafu kufundisha fizikia nikiwa na afya njema ya kila kiungo isipokuwa kifundo kimoja cha mguu. Nilikivunja katika mwaka wangu wa mwisho kazini, nikishuka ngazi za maabara na beseni la maji mikononi, na daktari akakiunga kwa vyuma viwili ambavyo bado vimo. Kutembea natembea. Kusimama nasimama. Kupanda mlima, kama hakuna anayenikimbiza, napanda. Kitu kimoja tu kifundo hicho kilikataa: kukunjwa katika pembe moja kwa muda mrefu. Na kuendesha gari, kwa mtu ambaye hajawahi kulifikiria jambo hili, ni kukaa umekunja kifundo cha kulia katika pembe moja kwa muda mrefu.

Sikustaafu ili nikae. Shule nyingi za ukanda wetu, kuanzia Shinyanga mpaka huko Geita na Chato, zina walimu wa fizikia wachache na vifaa vichache zaidi. Kwa hiyo nilijaza buti la Corolla yangu: springi, lenzi, ammita, mizani, na galvanomita mbili nilizozifunga kwa kitenge zisigongane. Nikawa nazunguka, wiki hii shule hii, wiki ijayo ile, nikiwafundisha watoto wa kidato cha nne majaribio ya vitendo kabla ya mtihani. Niliipenda kazi ile kuliko ile ya mshahara. Hakuna vikao, hakuna kusaini daftari la mahudhurio. Nafika, nafungua maboksi, watoto wanagusa vitu kwa mikono yao.

Corolla yenyewe ni ya zamani, rangi ya fedha iliyopauka. Gia zake ni otomatiki, kwa hiyo mguu wa kushoto unapanda gari kama abiria na wa kulia unafanya kazi zote. Safari iliyonitesa ilikuwa ya upande wa magharibi: kutoka Shinyanga hadi Usagara, kuvuka ziwa pale Kigongo, Sengerema, Geita, halafu Katoro na Buseresere. Zamani tulivuka kwa kivuko, na watu walilalamika kwa foleni. Daraja lilipofunguliwa kila mtu alishangilia, na mimi nilishangilia. Sikujua kwamba mguu wangu ndiyo kwanza umepoteza mapumziko yake. Ile saa ya kusubiri kivuko, nimevua kiatu, ninakula mahindi ya kuchoma, ndiyo iliyokuwa ikinifikisha Buseresere salama.

Siku moja, nimeshaipita Geita naelekea Katoro, ganzi ilianza kwenye vidole ikapanda mpaka kwenye kifundo. Nimeizoea ganzi hiyo, nikasema moyoni, dakika kumi tu nitasimama. Lakini mguu wenye ganzi ni mguu usiojua unakanyaga kiasi gani. Nilipita kibao cha hamsini nikidhani nimepunguza mwendo, kumbe nilikuwa nimeongeza. Askari wa usalama barabarani alitoka pembeni na mkono juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, tochi inasoma sabini na moja. Hapa ni hamsini."

Nilimwambia ukweli, kwamba mguu umekakamaa. Aliinama kidogo akautazama, kisha akanitazama mimi na nywele zangu nyeupe.

"Nyumbani hakuna dereva?"

"Dereva ndiye huyu unayezungumza naye."

Alicheka, akaniandikia kosa langu, na alikuwa na haki ya kuniandikia. Kilichonichoma hakikuwa karatasi. Ni kwamba watoto walikuwa wakitoka shule pale nyuma nilikotoka, wamejipanga kando ya barabara na sare zao, na mimi nilikuwa nimewapita mbio bila hata kujua. Nilikaa kwenye gari nikakanda kifundo mpaka hisia zikarudi. Nilipoondoka niliendesha kama ninabeba mayai.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye ni bwana shamba mstaafu wa zao la pamba, mtu mtaratibu, na kwa miaka yote ya ndoa yetu huniita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu mezani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, basi. Tutafute dereva."

"Sitaki dereva."

"Hutaki dereva, au hutaki kukaa kiti cha abiria?"

Ananijua. Hata hivyo nilikubali kujaribu. Tulimpata mtu mzima, mwenye leseni ya miaka mingi, aliyewahi kuendesha malori ya pamba. Safari ya kwanza alipita kila gari lililokuwa mbele yetu kana kwamba linamdai, na maboksi yangu aliyapakia ubavu ubavu ingawa nilikuwa nimeandika JUU kwa wino mwekundu. Tulipofika shuleni lenzi tatu zilikuwa zimepasuka. Nilimshukuru, nikamlipa, na safari iliyofuata nikashika usukani mwenyewe.

Suluhisho nililiona kwa macho yangu kwenye gari la mtu mwingine. Mkuu wa shule moja karibu na Rwamgasa alinichukua twende Katoro kula chakula cha mchana. Gari lake lilikuwa jipya kuliko langu kwa miaka mingi. Tumefika kwenye lami, tunazungumza habari za matokeo, mara nikaangalia chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia sakafuni, na gari linakwenda.

"Mkuu," nikasema, "mguu wako uko wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akanionyesha kijiti kidogo nyuma ya usukani. "Hii ni kruzi, Mwalimu. Unafika mwendo unaoutaka, unabonyeza, inashika. Ukigusa breki inaachia."

"Na ikipanda mlima?"

"Inajiongezea mafuta yenyewe."

Sikuzungumza tena habari za matokeo. Mpaka tunafika Katoro nilikuwa nimekwisha kuichora kichwani: kitu cha kupima mwendo, kitu cha kulinganisha mwendo huo na ule uliouchagua, na kitu cha kuvuta waya wa mafuta. Ni vitu vitatu tu. Nikajiambia, hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Corolla yangu haiwezi kufungiwa.

Mafundi wa Shinyanga hawakuona hivyo. Wa kwanza aliniambia gari langu ni la zamani mno. Wa pili aliniambia niuze ninunue jingine. Wa tatu aliita wenzake waje wasikie, na wote wakacheka, bila ubaya, kama watu wanaocheka na shangazi yao. Niliwaacha wacheke. Nimefundisha miaka thelathini na kitu. Najua sura ya mtu anayesema haiwezekani kwa sababu amejaribu, na najua sura ya mtu anayesema hivyo kwa sababu hajawahi kusikia.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri, duka alilolirithi kwa baba yake. Anazungumza Kisukuma vizuri kuliko wanangu, na binti yake alipita mikononi mwangu darasani. Nilimweleza ninachotafuta. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, mimi ninacho."

"Unacho wapi?"

"Juu kule. Kuna mtu aliniagiza nimletee, mwenye gari dogo kama lako. Hakurudi. Kimekaa tangu binti yangu yuko kidato cha pili kwako."

Alipanda ngazi mwenyewe, akawakataza wafanyakazi wake wasimsaidie, akashuka na boksi lenye vumbi la miaka. Ndani kulikuwa na kiboksi cheusi chenye mota, waya mwembamba wa chuma ndani ya mpira wake, sumaku ndogo na koili yake, kijiti cha kubonyeza, fungu la nyaya za rangi, na kijitabu cha maelekezo kwa Kiingereza. Kila kitu kilikuwa kwenye nailoni yake.

"Hapa mjini usihangaike na mafundi," aliniambia akinifungia. "Nenda Katoro. Kuna fundi kule anatengeneza mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Huyo ndiye huniagiza vipuri ambavyo wengine hawavijui hata majina."

Karakana ya fundi huyo ilikuwa nyuma ya soko, uwanja wa udongo uliolowa oili, na mota za karasha zimepangwa ukutani kama vyungu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

Nilimwitikia, nikaweka boksi juu ya meza yake. Hakucheka. Alitoa kitu kimoja kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Alikaa muda mrefu zaidi kwenye kiboksi chenye mota.

"Hii inavuta," akasema mwishowe. "Ninachotaka kujua ni nani anaiambia iache."

Hapo hapo nikajua nimefika kwa fundi. Nilimwambia, "Hilo ndilo sharti langu. Kwanza unionyeshe inavyoachia. Ukishanionyesha inavyoachia, ndipo unionyeshe inavyoshika."

Tukakubaliana hivyo. Kijitabu kilikuwa kazi yangu, kwa sababu Kiingereza cha fundi kilikuwa cha majina ya vipuri tu; mikono ilikuwa kazi yake. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya boneti iliyofunguliwa, mguu wangu juu ya tairi la akiba, nikisoma na kutafsiri. Yeye akifunga. Kiboksi alikikaza kwa boliti kwenye ukuta wa injini, mbali na joto. Ule waya wa chuma aliuunganisha pale ambapo waya wa mafuta unavuta, akaacha ulegevu kidogo. Nilimuuliza kwa nini ameulegeza.

"Nikiukaza sana, mayu, gari halitakubali kushuka mwendo wake wa chini. Litakuwa linanguruma hata likiwa limesimama."

Kijitabu kilisema maneno hayo hayo ukurasa uliofuata. Sikumwambia kwamba ninasoma alichokwisha kukisema. Nilimwambia, "Sahihi," kama ninavyomwambia mwanafunzi.

Mchana mke wake alileta ugali na dagaa wa Nkome waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, tukala pamoja kutoka sinia moja. Alasiri fundi aliingia chini ya gari, akafunga sumaku kwenye shafti inayozungusha gurudumu la mbele na koili karibu yake, ili kila shafti ikizunguka sumaku ipite mbele ya koili. Hapo nilishindwa kujizuia. Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kutazama, nami nikawaeleza jinsi sumaku inayopita inavyozaa umeme kidogo kwenye koili, na jinsi kiboksi kinavyohesabu mapigo hayo kikajua mwendo. Mwanamke mmoja muuza vitumbua alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni kama kuhesabu mapigo ya moyo." Nilikuwa nimefundisha somo hilo miaka yote bila kupata mfano mzuri kama huo.

Niliomba kitanda kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi tukaunganisha nyaya za mwisho na kwenda barabarani. Tulichagua kipande kilichonyooka, magari machache. Nilifika mwendo wa sitini, nikabonyeza kijiti, nikainua mguu.

Gari likapungua mwendo. Hamsini na tano. Hamsini. Nikabonyeza tena, nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu ya kidole inabadili chochote. Hakuna.

"Sumaku," nikasema.

"Sumaku imefanya nini?"

"Umeiweka mbali na koili. Haioni."

 Fundi akasema kwa upole kwamba nafasi aliyoiacha ni ile ile niliyomsomea. Mimi nikasisitiza. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, sumaku na koili ni vitu vyangu, sikuona haja ya kutafuta kosa mahali pengine. Tulirudi karakana, akatandika gunia, akaingia chini ya gari, akafungua, akasogeza, akafunga. Tukaenda barabarani tena. Hakuna. Tukarudi, akasogeza tena. Jua lilikuwa limeshapanda, na jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni mwake. Safari ya tatu hakuna.

Tuliporudi, alijifuta uso akakaa juu ya mota mojawapo.

"Mayu, wewe una vyombo vya kupimia umeme kwenye buti. Nimeviona. Kwa nini tunabahatisha?"

Nilisikia aibu ikinipanda kama homa. Kila mwaka nilikuwa nikiwaambia watoto: usikisie, pima. Nilifungua kitenge, nikatoa galvanomita, tukaunganisha kwenye nyaya za koili. Fundi aliinua gurudumu kwa jeki akalizungusha kwa mkono. Mshale ukatetemeka. Kila mzunguko, mtetemo mmoja, safi kabisa. Sumaku ilikuwa inafanya kazi, na kwa jinsi mshale ulivyoruka, ilikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

"Nisamehe, fundi," nikasema. "Nimekulaza chini bure."

"Si bure," akajibu. "Sasa tunajua si hapo."

Kisha akaniomba nikanyage breki, atazame nyuma. Nikakanyaga. Aliinama nyuma ya gari akazikagua taa.

"Mayu, hizi balbu za breki nani alizibadilisha?"

Sikujua kama zimebadilishwa. Nilimpigia simu mume wangu. Alijibu kwa furaha ya mtu anayesubiri kupongezwa: ndiyo, yeye, mwaka jana, aliziona kwenye kituo cha mafuta, balbu za kisasa za LED, zinawaka kuliko zile za zamani na hazili betri. "Zina shida?" akauliza.

"Hazina shida," nikamjibu. "Nitakueleza."

Fundi alieleza kwa maneno yake: aliwahi kuona trela la lori likisumbua vivyo hivyo baada ya kufungiwa taa hizo. Balbu ya zamani ina uzi ndani, na umeme mdogo unaweza kupita kwenye uzi huo hata taa ikiwa imezimwa. LED haipitishi hivyo. Nilikichukua kijitabu, nikafungua kurasa za mwisho ambazo nilikuwa nimeziruka kwa kuona ni maonyo ya watu wasiojua. Ilikuwa imeandikwa pale, kwa herufi ndogo: kiboksi hujua breki haijakanyagwa kwa kuusikia ule uzi wa balbu. Kisipousikia, kinadhani kuna hitilafu kwenye breki, na hakikubali kushika.

Nikamsomea. Alitikisa kichwa taratibu kukubali, na sura yake ikafunguka.

"Basi ni kitu cha heshima," akasema. "Kinakataa kufanya kazi kama hakina uhakika wa breki."

Alitoa balbu mbili za kawaida kwenye kopo la misumari, akazifuta kwenye suruali, akazifunga. Kabla hatujatoka alinitimizia sharti. Aliinua magurudumu ya mbele, akaliweka gari katika gia, akaliendesha palepale hewani mpaka kruzi ikashika, kisha akagusa breki kwa ncha ya kidole cha mguu. Waya wa mafuta ukaachia mara moja kwa mlio mdogo wa chuma. Akarudia. Akaniambia nirudie mimi. Kisha akanionyesha kuzima kwa kijiti chenyewe, na mwisho kuzima kwa ufunguo. Njia tatu za kuachia. Nilizihesabu kwa sauti.

Tulitoka kuelekea Buseresere, yeye kwenye kiti cha abiria. Nilifika sitini. Nikabonyeza. Nikainua mguu.

Gari halikupungua.

Nilihisi pedali ikishuka kidogo yenyewe chini ya soli ya kiatu iliyoigusa kidogo tu, kama inavyoshuka sakafu ya mbao mtu mwingine akipita. Nikaurudisha mguu nyuma, nikaunyoosha, nikaulaza sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu nivunjike kifundo, nilikuwa ninaendesha na mguu wangu ukiwa wangu. Palikuwa na kilima kidogo. Tulipoanza kukipanda injini ikabadili sauti, gia ikashuka, mshale wa mwendo ukalegea kwa nukta mbili halafu ukarudi palepale. Nilimwona fundi akiutazama mshale na si barabara, anatabasamu peke yake.

Mbele yetu ng'ombe walianza kuvuka, kundi zima, mchungaji wao yuko nyuma kabisa na fimbo begani. Niligusa breki mapema. Kile kitu kikaachia, gari likawa langu lote, tukasimama kwa adabu tukawasubiri. Walivuka bila haraka. Ndama mmoja alisimama katikati ya lami akatukodolea macho mpaka mchungaji alipomfikia.

"Wabeja, fundi," nikamshukuru.

"Wabeja, mayu. Na wewe umenifundisha kile kipimo chako. Nitakitafuta cha kwangu."

Siku chache baadaye nilimchukua mume wangu twende wote Mwanza, makusudi. Nilimweleza habari za balbu tukiwa bado uani, akasikitika kweli, akasema alizinunua kwa ajili ya usalama wangu. Nilimwambia najua, na kwamba bila balbu zake nisingekisoma kijitabu mpaka mwisho. Tulipotoka mjini nilibonyeza kijiti nikanyoosha mguu. Alitazama chini, akatazama mbele, akashika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nani anaendesha?"

"Mimi."

"Mguu wako umelala sakafuni."

"Macho yangu yako barabarani na mikono iko usukanini. Mguu nimeupa likizo."

Alikaa amekakamaa mpaka tumevipita vijiji vitatu. Kila kibao cha hamsini nilikuwa ninapunguza kwa breki, ninashikisha arobaini na nane, tunapita vijijini kama maandamano ya harusi, na kibao cha mwisho wa hamsini kikipita ninaongeza. Hatukusimamishwa popote. Pale Mabuki aliuachia mkanda. Kufika Misungwi alikuwa ananisimulia habari za mkulima mmoja aliyepanda dengu juu ya mtaro, hadithi ndefu isiyo na mwisho, kama anavyofanya tukiwa tumekaa barazani. Nikajua ameshasahau kuogopa.

Sitaki kusema kwamba kifaa kile kimeniponya. Mvua ikinyesha sikiwashi, kwa sababu lami ikilowa nataka kuhisi gurudumu kwa mguu wangu mwenyewe. Mjini hakina maana. Kwenye barabara za vumbi hakina kazi kabisa, na ukanda wetu una barabara za vumbi nyingi kuliko za lami. Lakini hesabu yangu ni rahisi. Mguu una nguvu kiasi fulani kwa siku moja. Zamani nilizimaliza zote kwenye lami iliyonyooka, mahali ambapo hazikuhitajika, nikifika kwenye mashimo sina kitu. Sasa lami naiachia kruzi.

Mwezi uliopita shule moja ya kando ya ziwa iliniita, nikaenda na mume wangu kwa sababu alitaka dagaa wa kununua ufukweni wenyewe. Kutoka Geita kwenda Nkome barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Nilikanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga mafuta, nikaachia, tukilizunguka shimo hili tukiingia lile, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kifundo kilikuwa chepesi muda wote. Tulipofika, mume wangu alikwenda moja kwa moja kwenye vichanja walikoanikwa dagaa, akaanza kuwachagua kwa mkono, anawanusa, anabishana na mwenye mali. Mimi nilifungua buti na kuteremsha boksi la kwanza. Watoto wa kidato cha nne walikuwa wameshatoka nje kunipokea, na mmoja wao alishauliza kama leo wataruhusiwa kugusa.

"Leo mtagusa kila kitu," nikamjibu, nikatangulia darasani.